Ötzi

Ötzi, anayejulikana pia kama Mtu wa Barafuni, alikuwa mwanamume aliyeishi katika milima ya Alpi, sehemu ambayo leo ni kaskazini mwa Italia, kati ya miaka 3350 na 3100 hivi KK. Aliuawa kwa mshale akiwa na umri wa miaka 45 hivi. Maiti yake ilihifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000, mpaka ilipoonekana mwaka 1991. Yeye ni mmoja kati ya watu wa kale waliochunguzwa kwa undani zaidi duniani.

Watu wa wakati wake na wa nchi yake hawakuwa na maandishi. Kwa hiyo habari zote za maisha yake zimetokana na mwili wake, mavazi yake na vifaa alivyokuwa navyo siku alipokufa. Kati ya vifaa hivyo, jambia lake dogo la jiwe na shoka lake la shaba vimewasaidia wataalamu kuelewa mambo mawili makubwa: jinsi silaha zilivyoweza kuwa alama ya hadhi, na jinsi bidhaa zilivyosafiri mbali katika Ulaya kabla ya kuwepo miji, fedha wala barabara za kujengwa.

Jina

Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani, wala lugha aliyoisema. Jina "Ötzi" lilibuniwa mwaka 1991 na mwandishi wa habari wa Vienna, Karl Wendl, kutokana na bonde la Ötztal lililo upande wa Austria, karibu na mahali alipopatikana. Magazeti yalilipenda kwa kuwa ni fupi, na tangu hapo limebaki kuwa jina lake.

Kugunduliwa

Tarehe 19 Septemba 1991 watalii wawili Wajerumani, Helmut na Erika Simon, walikuwa wakishuka kutoka kilele kimoja cha Alpi za Ötztal. Walipoacha njia ya kawaida karibu na Tisenjoch, mahali pa kuvukia milima kwenye kimo cha mita 3,210 juu ya usawa wa bahari, waliona kichwa na mabega ya mtu yakitokeza katika barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Walidhani ni mpanda milima aliyepatwa na ajali miaka ya karibuni, wakatoa taarifa.

Kwa kuwa wengine nao walidhani hivyo, kazi ya kumtoa ilianza bila uangalifu unaotakiwa katika akiolojia. Mashine ya kuvunjia barafu iliharibu nyonga yake ya kushoto. Maiti ilitolewa tarehe 23 Septemba na kupelekwa Innsbruck, Austria. Siku iliyofuata Konrad Spindler, profesa wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, aliliangalia shoka lililopatikana pamoja naye, akakadiria kwamba lina umri wa angalau miaka 4,000. Baadaye vipimo vya kaboni-14 vilionyesha kwamba hata makadirio hayo yalikuwa ya chini.

Upimaji mpya wa mpaka uliofanywa Oktoba 1991 ulithibitisha kwamba mahali alipokuwa amelala ni ndani ya Italia, mita 92.56 kutoka mpakani. Kwa sababu hiyo maiti na vifaa vyake vilikabidhiwa kwa mkoa wa Tirol Kusini, nchini Italia.

Asili na makazi

Meno ya mtu hujengeka utotoni na hayabadiliki tena, lakini mifupa yake huendelea kujijenga upya maisha yote. Kwa kulinganisha elementi zilizomo katika meno na mifupa ya Ötzi na zile zilizomo katika maji na miamba ya mabonde mbalimbali, watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba inaelekea alikulia katika bonde la mto Isarco, kisha akahamia upande wa magharibi, penye bonde la Venosta. Maisha yake yote yalipita ndani ya kilomita 60 hivi kutoka mahali alipofia.

Uchunguzi wa jenomu yake uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban asilimia 92 ya asili yake ilitokana na wakulima wa kwanza walioingia Ulaya kutoka Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba huenda kichwa chake kilikuwa na upara. Macho yake yalikuwa ya kahawia. Sanamu nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo zilimwonyesha kama mtu mweupe mwenye nywele ndefu.

Mwili na afya

Ötzi alikuwa na kimo cha sm 160 hivi na uzito wa kilo 50 hivi. Alikuwa na misuli ya miguu iliyozoea kupanda na kushuka milima. Hata hivyo hakuwa mzima wa afya. Viungo vyake vilikuwa vimechakaa, mishipa yake ya damu ilikuwa imeanza kuziba, meno yake yalikuwa yamelika na kutoboka, na matumbo yake yalikuwa na minyoo. Tumboni mwake walipatikana bakteria aina ya Helicobacter pylori, ambao kwa watu wengine husababisha vidonda vya tumbo. Alikuwa wa kundi la damu O, na mwili wake haukuweza kumeng'enya maziwa vizuri.

Ngozi yake ina chale 61 zilizotiwa rangi ya masizi. Nyingi ni mistari mifupi iliyopangwa sambamba mgongoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu na sehemu nyingine. Kwa kuwa nyingi ziko karibu na viungo vilivyochakaa, wataalamu kadhaa wanaona kwamba zilikuwa tiba ya maumivu na si pambo tu.

Mavazi na vifaa

Mavazi yake yalitengenezwa kwa ngozi za wanyama waliochaguliwa kwa makusudi. Kofia ilikuwa ya ngozi ya dubu, koti la ngozi za mbuzi na kondoo, na vifuniko vya miguu vya ngozi ya mbuzi. Viatu vyake vilijazwa nyasi ili kuzuia baridi.

Alikuwa na upinde mrefu wa mti wa Taxus, ambao haujamalizika kuchongwa. Podo lake lilikuwa na mishale 14, lakini miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, nayo ilikuwa imevunjika. Pia alibeba vyombo viwili vya magome ya mti wa betula. Kimojawapo kilikuwa na majani mabichi ya kufungia makaa ya moto. Vilevile alikuwa na vipande vya uyoga vilivyopitishwa kwenye kamba ya ngozi, pengine kama dawa. Kiunoni alifunga mkanda wenye mfuko mdogo wa vifaa vya jiwe na vya kuwashia moto.

Jambia la gumegume

Silaha iliyokuwa karibu zaidi na mwili wake ilikuwa jambia fupi lenye urefu wa sm 13 hivi pamoja na mpini. Bapa lake ni la gumegume, jiwe gumu linalopasuka kwa makali kama kioo na ambalo watu wa Zama za Mawe walilitumia kutengeneza visu, vichwa vya mishale na vikwaruzo. Ncha yake imevunjika. Mpini ni wa mti wa Fraxinus, na bapa limekazwa kwake kwa ukano wa mnyama. Ala yake, yenye urefu wa sm 12, ilisukwa kwa nyuzi za gome la mti wa Tilia na ilikuwa na kitanzi cha kuifungia mkandani.

Pamoja na jambia hilo kulikuwa na kifaa ambacho wanaakiolojia hawakuwahi kukiona kabla ya 1991. Ni kijiti cha mti wa Tilia ambacho ndani yake kimechomekwa mwiba wa pembe ya kulungu wa Ulaya, kama penseli na risasi yake. Kilitumika kunolea vifaa vya jiwe: mwenye kisu alikandamiza ukingo wa bapa kwa mwiba huo ili kumegua vigamba vidogo, na makali mapya yakatokea. Mwiba ulipochakaa, kijiti kilichongwa ili sehemu nyingine ya pembe itokeze.

Umuhimu wa jambia hilo ni ukamilifu wake. Maelfu ya mabapa ya gumegume ya zama hizo yamepatikana Ulaya, lakini miti, kano na nyuzi zake vimeoza. Mara nyingi haikuwezekana kujua kama bapa fulani lilikuwa jambia, kichwa cha mkuki au kisu cha kazi. Jambia la Ötzi lilionyesha bapa, mpini, mafungo na ala vikiwa pamoja, na mahali lilipovaliwa.

Mwaka 2018 kundi la watafiti lilitoa matokeo ya uchunguzi wa hadubini wa vifaa vyake vyote vya jiwe. Waligundua kwamba mwenyewe alitumia mkono wa kulia, kwamba baadhi ya vifaa vilinolewa muda mfupi tu kabla ya kifo chake, na kwamba karibu vyote vilikuwa vimenolewa tena na tena hadi kufikia mwisho wa matumizi. Inaonekana Ötzi alikuwa amekaa muda bila kupata jiwe jipya. Aliingia katika siku zake za mwisho akiwa na jambia lililovunjika ncha, upinde usiokamilika na mishale isiyofaa kupigwa.

Majambia kama alama ya hadhi

Jambia la Ötzi lilikuwa kifaa cha kazi. Lakini katika Ulaya ya miaka 3500 hadi 1600 hivi KK majambia mengi ya jiwe hayakuwa hivyo. Katika makaburi ya Remedello, karibu na Brescia nchini Italia, yaliyofukuliwa kuanzia miaka ya 1880, wanaume kadhaa walikuwa wamezikwa pamoja na majambia ya gumegume, vichwa vya mishale na mara chache mashoka ya shaba yanayofanana na la Ötzi. Wengine walizikwa bila silaha hizo. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kuwa na jambia kulimtambulisha mtu katika jamii, hata baada ya kufa.

Ushahidi mwingine unatoka Arco, katika mkoa wa Trentino. Huko zilipatikana nguzo za mawe zilizochongwa kwa umbo la watu. Baadhi yake zinaonyesha wanaume wenye majambia na mashoka mengi kifuani, kuliko mtu mmoja angeweza kuyatumia. Nguzo hizo zilionyesha ukubwa wa mtu kwa kuhesabu silaha zake.

Mifano maarufu zaidi ni ya baada ya Ötzi. Katika eneo la Grand-Pressigny, Ufaransa ya kati, mafundi walitengeneza mabapa marefu ya gumegume yenye rangi ya asali, ambayo yalifika Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi. Wataalamu waliochunguza kwa hadubini majambia hayo yaliyopatikana katika makaburi ya Uholanzi hawakuona alama za kukatia. Waliona mng'ao uliotokana na kutolewa na kurudishwa alani mara nyingi. Yaani wenyewe waliyachomoa ili yaonekane, kisha wakayarudisha.

Nchini Denmark ustadi huo ulifikia kilele chake katika jambia la Hindsgavl, lililotengenezwa kati ya miaka 1900 na 1700 KK. Lina urefu wa sm 29.5 lakini unene wake haufiki sm 1. Umbo lake linafuata majambia ya chuma cha wakati huo, yaani shaba na bronzi, madini ambayo Denmark haikuwa nayo na ililazimika kuyapata kutoka mbali. Jambia hilo liliwekwa kwenye noti ya kroni 100 ya Denmark iliyotolewa mwaka 2010.

Kwa hiyo wanaakiolojia hawatazami umbo la jambia peke yake. Hutazama urefu na wembamba wa bapa, alama za matumizi, idadi ya mara lilizonolewa, mahali lilipopatikana na umbali wake kutoka chimbuko la jiwe. Bapa refu lisilo na mikwaruzo ya kazi, lililowekwa kaburini mbali na chimbuko lake, lilikuwa la heshima. Bapa fupi lililonolewa hadi kupungua, kama la Ötzi, lilikuwa la kazi. Lakini hata bapa la namna hiyo lilitengenezwa kwa jiwe lililotoka mbali na makazi ya mwenyewe.

Shoka la shaba na biashara ya mbali

Katika mabonde alimoishi Ötzi hapakuwa na gumegume bora. Kwa muda mrefu wataalamu walitaja milima ya Lessini, kaskazini mwa Verona, kuwa chimbuko la mawe yake. Uchunguzi wa 2018 ulionyesha kwamba yalitoka angalau sehemu tatu tofauti za Alpi ya kusini, baadhi zikiwa umbali wa kilomita 70 hivi. Mfuko wake mdogo ulikuwa na mawe yaliyokusanywa kupitia njia zaidi ya moja.

Shoka lake lilitoka mbali zaidi. Mpini wake ni wa mti wa Taxus wenye urefu wa sm 60 hivi, na bapa lake lenye urefu wa sm 9.5 ni la shaba tupu kwa zaidi ya asilimia 99. Bapa lilikazwa kwa gundi nyeusi iliyopikwa kutokana na magome ya betula, kisha likafungwa kwa mikanda ya ngozi. Ndilo shoka pekee la zama hizo lililopatikana kamili. Awali ilidhaniwa kwamba shaba yake ilichimbwa katika Alpi, ambako madini hayo yapo. Mwaka 2017 watafiti walipima aina za risasi zilizochanganyika na shaba hiyo, wakagundua kwamba madini yalitoka kusini mwa Toscana, mamia ya kilomita kusini mwa makazi yake.

Matokeo hayo hayana maana kwamba Ötzi alifika Toscana. Meno na mifupa yake vinaonyesha kwamba alikaa katika mabonde yake. Kilichosafiri ni bidhaa: shaba na gumegume vilipita mkono kwa mkono, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa kubadilishana vitu au kwa zawadi za kufungia urafiki na ndoa. Shoka la namna hiyo lilikuwa na thamani kubwa, ndiyo maana wataalamu wengi wanaamini kwamba Ötzi hakuwa mtu wa chini katika jamii yake. Wakati huohuo shoka hilo lina alama za matumizi. Kitu kile kile kiliweza kukata mti na kumpa mwenyewe heshima.

Siku za mwisho na kifo

Chavua iliyokutwa katika matumbo yake imewawezesha wataalamu kufuatilia safari yake ya mwisho. Katika siku mbili hivi za mwisho alikuwa juu milimani, akashuka bondeni, kisha akapanda tena. Chavua ya miti inayochanua mwishoni mwa majira ya kuchipua inaonyesha kwamba alikufa wakati huo au mwanzoni mwa kiangazi.

Siku chache kabla ya kufa alijeruhiwa vibaya kwenye kiganja cha mkono wa kulia, jeraha linaloweza kutokana na kujikinga na kisu. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, jeraha hilo lilimzuia kupiga upinde na hata kumaliza kuuchonga. Huenda ndiyo sababu silaha zake hazikuwa tayari.

Muda mfupi kabla ya kifo chake alikula hadi kushiba: nyama na mafuta ya mbuzi-mwitu wa milimani, nyama ya kulungu, na ngano ya kale. Haielekei alikuwa akikimbia saa ile. Kisha alipigwa mshale kutoka nyuma. Kichwa cha mshale, nacho kikiwa cha gumegume, kilitoboa mfupa wa bega la kushoto na kukata ateri iliyo chini ya mtulinga. Alipoteza damu nyingi na kufa baada ya muda mfupi. Pia alikuwa na jeraha kichwani, la kupigwa au la kuanguka.

Kwa miaka 10 ya mwanzo iliaminika kwamba alikufa kwa baridi. Kichwa cha mshale kilionekana katika picha za eksirei mwaka 2001 tu. Mti wa mshale ulikuwa umechomolewa, lakini shoka la thamani lililokuwa pale halikuchukuliwa. Kwa sababu hiyo wengi wanaona kwamba hakuuawa na wezi bali kwa uadui wa kibinafsi. Wengine wamefikiri kwamba muuaji aliogopa kutambuliwa kwa shoka ambalo kila mtu wa mabonde yale angelijua.

Umuhimu

Tangu mwaka 1998 Ötzi amelala katika Makumbusho ya Akiolojia ya Tirol Kusini mjini Bolzano, katika chumba chenye baridi ya nyuzi −6 na unyevu wa asilimia 99 hivi. Wageni humtazama kupitia dirisha dogo. Jambia, ala, shoka na mavazi yake yanaonyeshwa katika jengo hilohilo.

Kwa kuwa alikufa ghafla, vitu vyake havikuchaguliwa na waombolezaji kama ilivyokuwa makaburini. Makaburi huonyesha jinsi jamii ilivyotaka mtu wake akumbukwe, na hapo ndipo majambia marefu yasiyotumika yanapopatikana. Ötzi anaonyesha upande wa pili: mtu mwenye shoka la thamani kutoka mbali na jambia lililochakaa kwa kazi, vyote kwenye mwili mmoja, siku ya kawaida ya maisha yake iliyogeuka kuwa ya mwisho.